Fundi wa Soweto na Mashine Iliyolia Bila Kwenda

Kwa miaka kumi na saba tulitazamana, mimi nyuma ya kaunta ya duka langu la vipuri, yeye ng'ambo ya barabara chini ya bati lake, na hadi leo sijui alizaliwa mwaka gani wala ukoo wao ulitokea upande gani wa Machame. Hayo sikumuuliza, naye hakuwa mtu wa kujieleza. Hapa nitamwita Fundi, kama tulivyomwita mtaani kwetu Soweto. Moshi imejaa mafundi, lakini mtaani kwetu ukimwambia mtu "peleka kwa Fundi" hakuuliza yupi.

Alikuwa mrefu, mkavu, masikio yamemzidi kichwa. Alivaa shati la kaki lenye mfuko wa kifungo, na katika mfuko huo aliweka penseli, miwani, na kitu chochote alichokitoa ndani ya mashine na ambacho bado hakuwa ametoa uamuzi juu yake. Ukiona mfuko umetuna, ujue kuna jambo linamsumbua. Alitengeneza jenereta, pampu za maji, misumeno ya kukatia magogo, mashine za kumenyea kahawa na zile za kukatia majani ya ng'ombe. Magari hakuyagusa. Alisema gari lina wenyewe wengi na kila mmoja anasema uongo wake.

Ole wako ufike pale bila kumwamkia. Watu walikuja mbio, jasho linawatoka, "Fundi, jenereta imegoma na wageni wako mezani!" Fundi angeendelea kufuta spana yake kwa kitambaa, taratibu, kana kwamba ameambiwa mvua inaweza kunyesha wiki ijayo. Alikuwa anasubiri shikamoo. Ikishatoka, aliitikia marahaba, anaiweka spana chini na kukugeuzia sikio. Nilimwambia siku moja kwamba hizo ni nyodo. Akakataa.

"Si nyodo, mama. Mtu aliyesahau kuamkia amesahau na mengine. Atanisimulia ugonjwa nusu."

Aliniita mama tangu nikiwa msichana niliyefungua duka juzi tu, nami nilimwamkia kila asubuhi kwa kelele kutoka upande wangu wa barabara. Hakuwahi kuvuka kuja kwangu. Akihitaji plagi au mpira wa kuzuia mafuta alisimama ukingoni na kuita, nami ndiye niliyevuka kama mjakazi wake. Nilinung'unika miaka yote hiyo na nilivuka miaka yote hiyo.

Halafu lilikuja swali lake. Mtu akisema mashine imepungua nguvu, mafundi wengine wanakimbilia kufungua. Yeye alikunja mikono. "Imepungua kwenda, au imepungua kulia?" Wageni walimwona kama amechanganyikiwa, ila swali lilikuwa na akili. Injini ikipungua kulia, yaani sauti yenyewe imeshuka na inakohoa, basi ugonjwa uko kwake: mafuta machafu, plagi imekufa, hewa haiingii. Lakini injini ikilia vizuri, pengine hata kuliko kawaida, halafu kazi haifanyiki, basi injini haina kosa. Nguvu ipo, inapotelea njiani kabla ya kufika kazini. Kwa swali hilo moja aliokoa injini nyingi zisifunguliwe bure.

Kuna mchana tulipokuwa tunakula mtori wa ndizi chini ya bati lake aliniambia alikolitoa swali hilo. Alipokuwa mtoto, maji ya kihamba chao, shamba la migomba la ukoo, yalikuja kwa mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka juu mlimani ukipita nyumba kwa nyumba. Maji yakipungua, watoto wa jirani waliambiwa wakimbie juu kwenye chanzo. Mama yake alimkataza. Alimwambia aanzie miguuni pake, kwenye migomba iliyokosa maji, apande polepole akitazama kila hatua, kwa sababu chanzo kikipungua kila mtu atalia, na leo tunalia sisi peke yetu. "Nikapanda," alisema, "nikakuta jiwe moja na majani ya mparachichi, hata hatua hamsini sijafikisha." Tangu siku hiyo, kila mashine kwake ilikuwa mfongo. Alianzia pale kazi ilipotakiwa kufanyika, akarudi nyuma.

Mtu huyu wa maji ya mfongo aliogopa maji mengine yote. Injini za boti za wavuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, kule chini ukishapita mashamba ya miwa, zilikuja kwake kutengenezwa, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga bwawani zaidi ya kifundo cha mguu. Alikuwa mzee wa kanisa, na tulipomtania kwamba hata Yohana Mbatizaji angemshindwa, alijibu kwamba yeye alinyunyiziwa, na yale matone matatu yalimtosha.

Jambo jingine tulilomtania ni kamba zake. Duka langu limejaa kamba za nailoni za kila rangi, yeye alifungia kila kitu kwa kamba za mgomba. Alizikausha juu ya bati, akazilowesha kidogo, akazisokota. Alisema nailoni inakata mkono, inayeyuka karibu na injini, na haina huruma. Fundo lake ulilijua kwa mbali: anazungusha mara tatu, ncha anaichomeka ndani na kuikaza kwa dole gumba, kama mama zetu wanavyofunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Fundo la namna ile lilikuwa sahihi yake kabisa.

Sasa niseme na ubaya wake, maana nikimsifu tu atakuwa mtu mwingine. Fundi hakujua kusema nimekosea. Neno hilo halikupita kooni mwake. Siku moja jenereta aliyoitengeneza ilizimika kwenye harusi, bibi harusi amesimama gizani na kipande cha keki mkononi. Ilionekana wazi kwamba alisahau kukaza bomba la mafuta. Alichosema ni, "Mashine imenidanganya." Mara nyingine aliniandikia namba ya kipuri kwenye kipande cha boksi, nikakiagiza mpaka Dar, kikaja, hakiingii. Nikamwonyesha boksi lenye mwandiko wake mwenyewe. Akaligeuza, akaligeuza tena, akasema boksi lilinyeshewa. Wiki nzima hatukusemeshana, na nilipoanza tena kumwamkia aliitikia kama aliyenisamehe yeye. Nilicheka kwa hasira.

Nimeyaeleza haya ili ufahamu ugumu wa kilichotokea baadaye.

Nina mdogo wangu wa kiume, tumefuatana. Tulilelewa Mwika, na huko hakuna ziwa, lakini yeye alijifunza kuogelea kwenye vidimbwi vya mto kama chura. Alipokuwa na miaka ishirini na kitu alipata kazi bwawani. Kulikuwa na mwenye hoteli aliyeleta pikipiki ya maji kwa ajili ya wageni, ile unayoikalia kama pikipiki na inakata mawimbi. Hoteli ikafa, mwenyewe akaondoka, akawaachia chama cha wavuvi. Wavuvi wakaifanya ya kuokolea watu, maana upepo wa mchana pale bwawani unapindua mitumbwi bila taarifa. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa dereva. Katika miaka miwili alitoa watu majini, wengine wakiwa wameshazimia, na mama yetu alipenda kulisema hilo kanisani hata asipoulizwa.

Ikiharibika, ilipakiwa kwenye pikapu na kuletwa kwa Fundi. Niliona jinsi alivyoichunguza mara ya kwanza. Akainama chini ya tumbo lake na kuona tundu lenye nondo ndogo ndogo, mahali inapovutia maji. Ndani kuna mhimili na pangaboi moja linalozunguka na kuyasukuma maji nyuma kwa nguvu, na hicho ndicho kinachoipeleka. Haina panga la nje kama boti. Fundi alikaa chini akacheka peke yake. "Huu ni mfongo," aliniita. "Mama, njoo uone, wazungu wametengeneza mfongo wa kukalia."

Mwaka ule, kabla ya mvua za vuli, aliihudumia, akabadilisha plagi na mafuta, kisha akaifunga kwenye pikapu kwa kamba zake za mgomba. Nilikuwa mlangoni pangu nikamwonyesha bunda la kamba za nailoni, namtania. Akanipungia mkono nimwache. Nilimwona akilala chini na kupitisha kamba moja kwenye zile nondo za tumboni ili mashine isichezecheze njiani. Pikapu ikaondoka.

Wiki tatu baadaye upepo uliupindua mtumbwi wa kijana mmoja mvuvi, baba wa watoto wawili. Mdogo wangu aliitwa, akawasha, akaondoka vizuri. Nusu ya njia pikipiki ilianza kuzorota. Watu waliokuwa ufukweni waliona inapunguza mwendo, inakwenda kama mtu anayetembea, huku kule mbele mtu amenyoosha mkono. Alipofika, mkono haukuwepo tena. Alijitupa majini akazama mara nyingi, mpaka wavuvi wakamtoa kwa nguvu. Mwili ulipatikana kesho yake.

Msibani maneno yalianza. Walisema dereva aliogopa mawimbi, kwamba alipunguza mafuta makusudi akisubiri boti ya wenzake. Pale kaburini mama wa marehemu aliinua kichwa na kusema mbele ya watu wote, "Anayeogopa maji asipewe kazi ya maji." Mdogo wangu alikuwa amesimama hatua chache tu. Alirudi Mwika, akaingia chumbani kwake, akaacha kula. Mama yetu alinipigia simu analia. Nilijua tukichelewa tutamzika na yeye.

Nikamleta Fundi Mwika. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kitanda cha mdogo wangu, akasubiri, naye mdogo wangu kwa heshima aliyolelewa nayo akasema shikamoo hata katika hali ile.

"Marahaba. Niambie. Ilipungua kwenda, au ilipungua kulia?"

"Ililia, Fundi. Ililia sana. Nilikamata mafuta mpaka mwisho, ikapiga kelele, lakini haikwenda. Hakuna anayeniamini. Wanasema wangesikia."

"Upepo ulikuwa unatoka wapi?"

"Ufukweni kwenda kule."

Fundi akasimama. Kesho yake tulishuka bwawani, mimi na yeye, na pale ufukweni hakumuuliza mtu hata mmoja. Alizunguka kwa miguu hadi ng'ambo, kule upepo ulikokuwa unakwenda, akamkuta mama mmoja anayeanika perege. Akamuuliza kama siku ile alisikia chochote.

"Nilisikia," alisema yule mama. "Ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi."

Fundi alimshukuru kwa Kichagga, aika, akajisahau kwamba yule mama si wa kwetu. Sijawahi kumwona ana furaha vile. Alirudi akipiga hatua ndefu. Mashine ya kusaga isiyo na mahindi! Injini haikuwa na kosa, na mtu asiyevuta mafuta hawezi kuifanya ilie hivyo. Mdogo wangu alikuwa amesema kweli. Sasa kilichobaki ni kuonyesha nguvu ilipotelea wapi, chama kione kwa macho.

Tukaipakia, tukarudi nayo Soweto. Asubuhi iliyofuata nilivuka barabara na chupa ya chai. Tulikuwa wawili tu chini ya bati. Fundi ameilaza ubavu, ametoa zile nondo, mkono umeingia mpaka begani. Akawa anavuta kitu polepole. Kilitoka kidogo kidogo, kimelainika, cheusi, kimejisokota kwenye mhimili mbele ya pangaboi na kuziba njia ya maji. Nailoni ingegonga na kupiga kelele tangu siku ya kwanza. Hiki kilikuwa laini, kilivutwa ndani taratibu wiki zote zile, kikajikusanya, mpaka siku ile kikakaba kabisa. Alipokivuta kipande cha mwisho kilikuwa na fundo. Mara tatu kuzunguka, ncha imechomekwa ndani.

Nililiona, na yeye aliona kwamba nimeliona. Alilifuta lile fundo kwa kitambaa, akalitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akachukua kufuli na kufunga karakana, saa nne asubuhi. Chai niliimwaga barabarani.

Siku ya kwanza nilisema moyoni, mpe nafasi. Siku ya pili alipofungua nilivuka nikamuuliza umeona nini, Fundi. Akanijibu bado naangalia. Siku ya tatu mama alinipigia kwamba mdogo wangu anakunywa maji tu, na mimi nikamchukia Fundi kwa moyo wangu wote. Nilimchukia kwa sababu ya bibi harusi, ya boksi, ya kila mara niliyovuka barabara ile. Nilijua angeweza kusema mengi ya kujinasua. Waliopokea mashine kule bwawani walizikata kamba za juu bila kutazama tumboni, na hilo lilikuwa kweli. Angeweza pia kusema ni takataka za bwawa. Mfuko wake ulikuwa umetuna. Niliapa kwamba kesho yake nitakwenda bwawani nikaseme mwenyewe, na urafiki wetu uishie hapo.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nafungua duka, nilimwona Fundi anavuka barabara. Tangu nimfahamu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na mkononi ameshika majani mawili ya isale, kila moja limepigwa fundo. Ukikulia mlimani huhitaji kuelezwa: ni yale majani marefu ya kijani tunayopanda mipakani na makaburini, na mtu akikukosea akakuletea jani hilo, umekwisha kufungwa mikono. Halikataliwi. Mimi nimeona watoto wakiwapelekea wazazi, wake na waume wakipelekeana. Mzee kumpelekea kijana sikuwa nimeona.

"Mama," alisema, "nipeleke Mwika."

Mbele ya mdogo wangu hakukaa. Alifungua mfuko, akatoa lile fundo la kamba, akaliweka juu ya blanketi, kisha akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Nguvu haikupotea kwako. Ilipotea mikononi mwangu. Kamba ni yangu, niliifunga mimi, na mimi peke yangu nilijua kwamba iko chini. Nimekosea." Akarudia, "Nimekosea, mwanangu. Na nimekaa nalo siku tatu, hilo nalo ni kosa."

Mdogo wangu alilitazama fundo muda mrefu. Alilipokea jani, kwa kuwa halikataliwi. Alipoinuka kutafuta viatu nilidhani anaondoka, kumbe anakuja nasi. "Nataka nisikie akisema mbele yao," aliniambia.

Mama wa marehemu aliishi kwenye ulimi wa nchi kavu ulioingia ndani ya bwawa, na mvua zilikuwa zimekata njia. Ilibidi tuvuke kwa mtumbwi. Nilimtazama Fundi. Aliutazama mtumbwi kama ng'ombe anavyotazama daraja, akafanya ishara ya kufunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimeshafungwa, akaingia. Mdogo wangu ndiye aliyepiga kasia. Fundi alishika kingo zote mbili, macho ameyafumba, midomo inacheza kwa sala, naye mdogo wangu alipiga kasia bila kumsemesha na bila kuuyumbisha mtumbwi hata mara moja. Ningependa kusema niliwaza jambo kubwa pale majini. Niliwaza tu kwamba wote wawili wasizame.

Viongozi wa chama walikuwepo, na ndugu. Fundi alisema yote, pamoja na zile siku tatu. Aliwaonyesha kamba. Kisha akampelekea yule mama jani la pili.

"Hili ni dawa?" mama aliuliza.

"Si dawa, mama. Kwetu ni la kuombea radhi."

"Kwetu hatuna jani." Alilishika hivyo hivyo, akaligeuza, akapapasa lile fundo kwa kidole. Halafu akamgeukia mdogo wangu. "Kijana, nilikusema kaburini kwa mwanangu. Neno lile nalirudisha. Wote walio hapa wasikie, nalirudisha." Kwa Fundi alisema, "Wewe baba, leo sina neno la kukupa."

"Sawa, mama."

"Pengine sitakuwa nalo."

"Sawa."

Tulipoondoka bado alikuwa ameshika jani. Mdogo wangu alikula usiku ule, wali na maharage, sahani mbili, na mama yetu akakaa karibu naye akimwangalia kama mtoto mchanga. Mimi nililia jikoni.

Ungedhani basi yakaisha. Fundi aliendelea na kazi, ila kila mteja mpya alimsimulia kwanza habari ya kamba, hata mtu aliyeleta pampu ya kumwagilia bustani. Wengine walimkimbia. Wengine walimwamini zaidi. Kamba za mgomba alizishusha kutoka kwenye bati, akaanza kununua nailoni kwangu, na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilitamani anibishie.

Mdogo wangu hakurudi majini. Alikwenda mlimani, akabeba mizigo ya wageni, baadaye akawa mwongoza watalii. Kila alipopita dukani kwangu Fundi alimwona. Mdogo wangu angesema kutoka upande wangu wa barabara, "Habari za kazi." Basi. Hakumwamkia. Kijana aliyelelewa Mwika, anayemwamkia hata mlevi kwa kuwa ana mvi, kwa Fundi alitoa habari za kazi tu. Na Fundi kila mara alishika kitambaa akaifuta spana ambayo ilishakuwa safi, akisubiri, mpaka mdogo wangu akapotea kwenye kona. Nilimgombeza mdogo wangu. Aliniambia, "Dada, mimi nilipokea jani. Sijapokea zaidi ya hapo." Miaka sita ilikwenda hivyo.

Halafu Fundi akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia na mguu vikalala. Watoto wake wako Dar na Arusha. Wakamrudisha Machame kwenye kihamba chake, na ng'ambo ya barabara yangu sasa kuna mtu anauza simu.

Mwaka jana, kahawa ilipokwisha kuvunwa, nilimwambia mdogo wangu naenda kumwona. Sikumwomba anifuate. Akachukua ufunguo wa gari na kusema atanipeleka. Tulimkuta Fundi ameketi nje kando ya mfongo wake, shati la kaki lile lile, mfuko mtupu. Nilimwamkia, akaitikia kwa ulimi mzito. Mdogo wangu akasema, "Habari za hapa." Mkono wa kushoto wa Fundi ulitafuta kitambaa ambacho hakikuwepo.

Nilimuuliza hali. Alisema imepungua nguvu.

Mdogo wangu alikuwa anatazama pembeni. Bila kugeuka akauliza, "Imepungua kwenda, au imepungua kulia?"

Fundi alicheka upande mmoja wa uso, machozi yakashuka pande zote mbili. "Kulia ninalia vizuri. Kwenda ndiko hakuna." Kisha akamtazama. "Niambie ukweli, nisije nikaondoka bila kuujua. Ulinisamehe?"

"Nilipokea jani tu."

"Nilijua," alisema Fundi.

Nilitazama chini, na ndipo nilipoona mfongo. Maji yalikuwa uzi tu, yanalamba matope, na migomba ya chini imeanza kukunja majani. Nikauliza kwa nini hajamtuma mtu. Alisema majirani waliahidi, wakaenda kwenye chanzo, wakakuta maji yapo, wakarudi.

Mdogo wangu alivua viatu vyake vya mlimani, akavipanga vizuri kando ya kigoda cha Fundi. Akakunja suruali. Akaingia kwenye mfongo pale pale miguuni pa mzee, akainama, akaanza kupanda polepole akipapasa kila hatua, mpaka migomba ikamfunika.

Nilimmiminia Fundi chai, nikamshikia kikombe. Tulikaa. Kikombe kilikuwa kimepoa kabisa aliponishika mkono na kunionyesha ninyamaze. Aliinamisha lile sikio lake kubwa. Mimi sikusikia kitu, kisha nikasikia: maji yanashuka, kwanza yanakwaruza majani makavu, halafu yanajaa, yanapita mbele yetu yakiwa mekundu kwa udongo.

Mdogo wangu alirudi akiwa na tope hadi mapajani, ameshika tawi lililooza. Alilitupa, akanawa mikono kwenye maji yale yale, akaja akasimama mbele ya kigoda, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Fundi."

Yule mzee alifungua mdomo, sauti ikakataa. Akajaribu tena. Mdogo wangu alisubiri, hakuondoka, alisubiri mpaka ikatoka.

"Marahaba, mwanangu."